Chokaa ya Mgeni

Gregori, karani wa bomani, alikuwa mtu wa bara, Mmwera aliyesomea misheni, mwenye soksi ndefu na adabu nyingi, na Kivinje nzima ilimcheka kwa vyote viwili. Alipofika nyumba ya marehemu Dadi bin Fakihi hakupanda barazani. Alisimama njiani, chini ya kibao cha chuma ambacho serikali ilikigongomea ukutani, akaita kama mtu aliyekuja kuposa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu, lakini ukaribie hapo hapo," ikajibu sauti ya Somoe nyuma ya pazia la mlango. "Mama yuko eda."

Kwenye baraza za jirani watu waliacha bao. Jamilabai, mke wa Tajdin mwenye duka, akatoa kiti nje akakikalia kabisa, maana jambo la kusikilizwa huwezi kulisikiliza wima.

"Shikamoo, mama," Gregori akaliambia pazia.

Kikatoka kikohozi cha mtu mzima.

"Mama anasema marahaba. Sema lako."

"Bwana wa Mambo ya Kale amepata habari ya boriti yenu iliyopasuka."

"Ameipata! Habari hiyo baba aliipeleka kwa miguu yake mwenyewe. Sasa yeye yuko makaburini, habari ndiyo kwanza imefika. Ilipitia Makka?"

Ndani kukasikika mnong'ono mkali. Somoe akashusha sauti. "Mama anasema nisikujibu hivyo. Haya, nisamehe. Endelea."

Somoe alikuwa ameachwa na mumewe huko Kiswere mwaka uliopita, na waliomjua mume wake walisema si ajabu, na waliomjua Somoe walisema hivyo hivyo. Lakini eda ilimkataza mama yake, Mwanaima, kuzungumza na wanaume wasio maharimu zake, na ulimi wa nyumba ulikuwa huo mmoja tu.

Gregori akaeleza. Nyumba hii ya mawe ilikuwa imetiwa katika hifadhi ya serikali. Hapana ruhusa ya kuvunja, kuongeza, wala kubadili chochote. Ndiyo maana fundi alipoitwa kutazama dari ya chumba cha kati alikiona kibao, akakunja futi yake akaenda zake. Sasa masika yalikuwa yanakaribia, dari yenyewe mawe na chokaa tupu, na boriti ile ikikatika chumba kizima kingeshuka. Bwana angetoa ruhusa iwekwe boriti mpya. Lakini kwanza aje aone. Atapita kila chumba, na hasa atapiga picha vile vidaka vya chumba cha kati, vishubaka vya ukutani vyenye maua ya kuchongwa, ambavyo alisema havina mfano pwani yote ya kusini.

"Chumba cha kati ndimo anamokaa mama."

"Basi akae kingine."

"Umesema atapita kila chumba. Mama apae?"

Gregori akavuta soksi yake ya kushoto. "Mimi nimeleta maneno, dada. Alhamisi atakuja. Asipoona, hatoi ruhusa. Na hii gadi mliyosimamisha kuzuia dari, nimeiona dirishani, kisheria nayo ni makosa. Mimi sijaiona."

"Umeiona au hujaiona?"

"Sijaiona," akasema Gregori, akaaga.

---

Jumatano Asumini aliingia bila hodi, ndoo ya chokaa kichwani na wanawake watano nyuma yake. Alikuwa dada wa marehemu. Yeye na Mwanaima walikuwa hawajapendana tangu siku ya harusi, Asumini alipolifungua sanduku la bibi harusi mbele ya watu na kuuliza kama ndilo hilo hilo au kuna jingine linakuja.

"Sikuja kukaa," akasema. "Nimekuja kupaka. Mgeni haingii nyumba ya Fakihi kuta zikiwa na masizi kama jiko la mgonjwa."

Mwanaima alikuwa mkekani, katika nguo zake nyeupe za eda, chini ya ile gadi. "Umeleta chokaa, wifi, au umeleta maneno?"

"Vyote. Chokaa kanipa kaka yangu Ismaili. Maneno ni yangu mwenyewe."

"Haya. Chokaa iweke pale. Hayo mengine yarudishe, ndani yapo tele."

Wanawake wakacheka, wakajifunga kanga viunoni. Hapakuwa na aliyeuliza kama inafaa. Nyumba ya Kivinje ikingoja mgeni hupakwa, kama ilivyopakwa kwa maulidi na kwa harusi za mababu. Mgeni akikuta ukuta mchafu aibu ni ya mtaa. Wakachovya brashi za makumbi, wakapaka kuanzia mlangoni. Walisengenya mpaka wakamaliza watu wa hapo, wakaanza wa Kitomanga. Jamilabai, aliyezaliwa mtaa huo huo na kukijua Kiswahili chake kuliko wengi, akaleta birika la chai na sinia la bajia, akasimama kuonyesha palipobaki.

"Asumini, kona ile umeiacha."

"Kona ile naiachia Somoe. Si yumo humu bure, amerudishwa kama sufuria iliyotoboka?"

"Sufuria iliyotoboka ni yako, shangazi," Somoe akasema. "Tangu nizaliwe hakijapikwa kitu nyumbani kwako kikashibisha mtu."

Ismaili alipita alasiri. Hakuingia, kwa sababu ya eda, ila alichungulia dirishani. Alikuwa kaka mkubwa wa Asumini na marehemu, mwenye ndevu zilizotunzwa na kazi isiyojulikana.

"Pakeni vizuri," akasema. "Vile vidaka msivisahau. Tieni mikono mitatu."

Wakatia mitatu, mmoja juu ya mwingine. Maua yaliyochongwa na mafundi wa zamani yakajaa chokaa hadi yakawa mabonge, na chumba kikang'aa hata Mwanaima akafumba macho.

"Wallahi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsifu wifi yake, "umepaka."

"Sikukupakia wewe," Asumini akamjibu.

---

Bwana wa Mambo ya Kale alikuwa mrefu, mwekundu, na aliinama kwenye kila mlango hata kwenye milango mirefu. Ismaili alimpokea kwa kanzu iliyopigwa pasi. Ndani wanawake walikuwa wamebuni hila yao: kanga wamezishika ncha kwa ncha kuzunguka, Mwanaima katikati, na ukuta ule wa nguo ulikuwa ukitembea. Bwana akiingia sebuleni, ukuta unahamia ukumbini. Bwana akienda ukumbini, ukuta unatoka uani, miguu kumi na miwili ikionekana chini na kicheko kikitoka juu. Bwana akaupisha mara mbili na kuuvulia kofia. Waliokuwa wakichungulia mlangoni walisema baadaye kwamba mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda.

Halafu akaingia chumba cha kati.

Akakiendea kidaka, akakigusa, akatazama vidole vyake vyeupe. Kisha akapiga ukelele hata kuku wa uani wakaruka.

"Anasemaje?" Somoe akauliza.

"Bwana amehuzunika," akasema Gregori.

"Mbona anapayuka kama amekanyaga kaa la moto?"

"Ndivyo wanavyohuzunika."

Bwana akatoa kisu mfukoni akaanza kukwangua. Chokaa ikatoka. Ua nalo likatoka, zima, likaanguka sakafuni likawa unga.

"Sisi tumepaka," Somoe akasema. "Aliyevunja ni yeye. Mfasirie."

Gregori hakufasiri hilo. Bwana alikuwa anasema haraka, na karani akawa anayatoa vipande vipande, akitazama viatu vyake. Kibao kinakataza kupaka. Kimeandikwa wazi. Hawa watu wameharibu kwa siku moja kitu kilichokaa karne nzima. Watu wa namna hii hawafai kuachiwa nyumba ya namna hii.

"Kimeandikwa wazi!" Asumini akasema kutoka kwenye ukuta wa kanga. "Kimeandikwa Kizungu! Sisi tungejuaje?"

Gregori akainua uso. Hakuwa mtu wa ugomvi, lakini hakupenda ionekane kwamba hakufanya kazi yake.

"Mama, nilikisoma kwa Kiswahili siku kilipogongwa. Nilimsomea Mzee Ismaili barazani, kama mkubwa wa nyumba. Alinirudisha kwenye neno la kupaka, nikamsomea tena."

Ule ukuta wa kanga ukalegea upande mmoja. Asumini alikuwa ameachia ncha.

"Chokaa ulinipa kwa mkono wako," akamwambia kaka yake.

"Nilisahau," Ismaili akasema. "Mtu hasahau?"

"Ukaja dirishani. Ukasema mikono mitatu."

"Asumini, mbele ya wageni."

"Ukaniacha nilete wanawake wa watu, na mabrashi yao, tuje kumharibia mjane wa ndugu yetu. Kumtukana mimi namtukana, ni haki yangu. Lakini kumtoa nyumbani?"

Bwana akauliza wanagombania nini. Gregori akasema wanahuzunika.

Hukumu ilitolewa pale pale. Ruhusa ya boriti hakuna. Wakaaji watoke, nyumba ifungwe, serikali itatuma watu wake kuitengeneza kitaalamu, hakusema lini. Ataajiriwa mlinzi wa kushika ufunguo, na Mzee Ismaili, ambaye alikuwa ameomba nafasi hiyo tangu zamani, ataipata.

Hapo watu wakajua. Hakuwa anaitaka nyumba. Angeweza kudai fungu lake kwa kadhi. Alikuwa anaitaka kofia ya mlinzi.

Somoe akainamia kanga, akasikiliza, akainuka. "Mama anasema yuko eda. Mwanamke wa eda hahamishwi."

Gregori akaeleza eda ni nini, na ilimchukua muda. Bwana alifuta jasho. Hakutaka kesi na dini za watu. Hilo alikuwa ameonywa. Basi amalize. Lakini siku atakayomaliza, atakapotoka kwenye mlango ule, mlango ufungwe nyuma yake.

---

Masika yakaja na hasira yake. Ismaili alipewa kofia nyeusi yenye nishani ya shaba na kufuli kubwa kama kobe, akahamia barazani na kiti chake. Kutoka hapo aliilinda nyumba dhidi ya waliomo ndani.

Somoe akigonga msumari wa chandarua, "Acha! Ukuta wa serikali huo." Wakitwanga, "Kinu kinatikisa mambo ya kale." Ikabidi wakatwange uani kwa Jamilabai, na unga urudishwe umefunikwa, huku Ismaili akiufunua kuona kama si saruji.

"Onja kabisa, baba mkubwa," Somoe alimwambia. "Labda utajenga tumboni."

Adhuhuri moja, mvua ikipiga, kipande cha dari kikashuka juu ya kitanda. Mwanaima alikuwa ameketi mkekani, akimenya vitunguu. Vumbi lilipotulia Somoe alimkuta mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, bado ana kisu mkononi, na boriti imeinama juu ya gadi kama mgonjwa juu ya fimbo.

Mji ukagawanyika. Wengine walisema mwanamke mkaidi atazikwa na ukaidi wake. Wengine walisema anakaa kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili ya eda, na kama mumewe angeacha kibanda cha makuti angeshahama. Mwalimu wa chuo cha Kurani akatuma ujumbe kwa upole: mjane akiogopa kuangukiwa, sheria inamruhusu ahamie nyumba nyingine amalizie huko, hana dhambi.

"Mwambieni mwalimu najua sina dhambi," Mwanaima akajibu. "Lakini Ismaili ana kufuli."

Asumini hakukanyaga tena pale. Akipita njiani aligeuza uso asimwone kaka yake, na macho yake yakaangukia ukuta, aliokwisha kuupaka mwenyewe, ukianza kuota ukungu.

---

Mjane wa Kivinje akimaliza eda huchukuliwa na wanawake hadi pwani, akaogeshwa baharini, akavishwa nguo za rangi, akarudishwa kwa njia nyingine. Kila mtu alilijua hilo, Ismaili kuliko wote. Asubuhi ile alikuja mapema, nishani ameisugua kwa majivu na limau, kufuli liko wazi pajani.

Wanawake walianza kuingia. Wakaja wengi, na vifurushi, na watoto migongoni, mpaka nyumba ikavuma kama mzinga. Ismaili aliwahesabu kwa macho tu. Wote wangetoka.

Hawakutoka. Badala yake, kutoka upande wa pwani ukatokea msururu wa madebe vichwani, maji yakirukia mabegani, na wa mbele alikuwa Asumini.

"Mnapeleka wapi hayo maji?"

"Bahari inakuja kumtoa wifi yangu eda," Asumini akasema bila kusimama. "Imesikia hawezi kuifuata."

"Hiyo si desturi!"

"Na chokaa ya kumtoa mjane nyumbani ni desturi ya wapi?"

Wakapita. Ndani vigelegele vikapigwa, debe la kwanza likamiminwa, la pili, na la tatu, pale pale chumba cha kati, chini ya boriti. Maji ya chumvi yakatafuta njia, yakavuka ukumbi, yakatoka chini ya mlango, yakashuka barazani na kuingia katika viatu vya Ismaili. Aliinua mguu mmoja, halafu mwingine, halafu akaona hana mguu wa tatu wa kusimamia.

Pazia likafunguliwa. Mwanaima alisimama kwenye kizingiti, kanga mpya, wanja machoni, nywele zinadondoka maji. Hakuvuka.

"Shemeji," akasema, na watu wa barazani wakagundua walikuwa wameisahau sauti yake. Ilikuwa nzito kuliko ya Somoe na haikuhitaji kupandishwa. "Nimemaliza eda. Mlangoni sikutoka, wala sitoki. Jamilabai! Ile boriti nipe."

Boriti mpya ilikuwa imelala uani kwa Tajdin tangu masika, chini ya magunia. Wanawake wanane waliibeba begani wakaipitisha mbele ya nishani ya shaba, na nyuma yao fundi yule aliyekunja futi yake, safari hii akiwa amefunga kilemba hadi puani, asitambulike, na kila mtu akamsalimu kwa jina.

"Mtafungwa!" Ismaili akapiga kelele. "Naenda bomani! Nitawataja mmoja mmoja!"

"Nitaje mimi," Mwanaima akasema. "Nyumba ni ya mume wangu, boriti ni yangu. Wengine wamekuja kuniogesha."

Ismaili akaenda, viatu vikilia maji. Nyundo zilipiga hadi magharibi.

Ndani, Asumini alikuwa anakamua kanga yake. Mwanaima akamjia.

"Wifi, ahsante."

"Usinishukuru. Umenenepa katika eda, aibu gani hii. Mjane halisi hukonda."

---

Asubuhi askari alikuja kweli, na Gregori pamoja naye, uso umemshuka. Mtaa mzima ulikuwa nje. Gregori akasoma mashtaka kwa Kiingereza, akayarudia kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno, ili mara hii asiwepo mtu wa kusema hakusomewa. Mwanaima atawekwa bomani hadi kesi, na kesi ikimwendea vibaya ni kifungo.

"Na hapo ndani?" Mwanaima akauliza.

"Bwana amesema, ukitoka mlango ufungwe."

Mwanaima akautazama mlango muda mrefu. Akajifunika kanga yake vizuri. Somoe alikuwa ameshika mkono wake, akilia kwa hasira.

"Nyamaza," mama yake akamwambia. "Jela wameiezeka bati mwaka huu. Haivuji." Na akavuka kizingiti.

Walimpeleka katikati ya barabara, na wanawake wakamfuata, Somoe mbele, Jamilabai ameacha duka wazi. Ismaili akangoja wapite kona. Akavuta mbawa mbili za mlango, akapitisha kufuli kwenye pete, akafuta jasho.

Du.

Akasimama.

Du. Du. Ukuta ulikuwa unatikisika kidogo, na vumbi la chokaa likamwangukia kwenye kofia. Sauti ilitoka chumba cha kati, nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Nani anatwanga humo?"

"Mimi," ikajibu sauti ya Asumini. "Mtoto wa Fakihi, mwenye fungu humu kama wewe. Nimehamia jana usiku, na kitanda changu, na kinu changu."

"Toka! Serikali imesema nyumba ifungwe!"

"Ifunge. Mimi nimo. Halafu uende kumwambia Bwana umemfungia dada yako ndani ya mambo ya kale, uone atahuzunika vipi."

Ismaili akabaki ameshika kufuli. Mchi ukapanda, ukashuka.

"Na huyo mwanamke," Asumini akaendelea kutoka ndani, akitwanga, "akirudi ataniambia nimempangia vyungu vibaya. Namjua. Mwache arudi tu."

Du.